Mikataba ya Kazi Majuu Imemsahau Mzazi

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inampa mzee haki ya kutunzwa na kusaidiwa na familia yake pamoja na Serikali. Familia imetajwa kwanza, Serikali ikafuata. Ndivyo Wakenya walivyoipitisha mwaka 2010, na kifungu hicho hakikuwa kigeni kwa yeyote, kwa sababu kilieleza maisha tuliyokuwa tukiishi tayari. Mtoto akikua humtunza mzazi, na jamaa wakishindwa kabisa ndipo dola inapoingia.

Tangu wakati huo, dola hiyo hiyo imekuwa ikitia saini karatasi za kuwapeleka watoto mbali. Julai 2021 Kenya ilikubaliana na Uingereza kuhusu kuajiriwa kwa wauguzi na wahudumu wengine wa afya. Septemba 2024, mjini Berlin, ikatia saini makubaliano na Ujerumani kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi. Leo tuna mpango mzima wa serikali unaoitwa Kazi Majuu, na tuna Idara ya Masuala ya Diaspora. Siulaumu mpango wenyewe. Pesa zilizotumwa nyumbani mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, nazo zinashinda kwa mbali tunachopata kwa kuuza chai. Karo nyingi, mabati mengi na dawa nyingi za presha na kisukari huko mashambani hulipwa na mtoto aliye ng'ambo.

Ninachouliza ni hiki. Muuguzi anayepanda ndege leo akiwa na miaka 30 anamwacha mama wa miaka 60 ambaye bado analima, anakwenda sokoni na kurudi na kikapu kichwani. Baada ya miaka 15 mama huyo atakuwa na miaka 75. Kati ya waliokaa mezani London na Berlin, nani aliuliza itakuwaje siku hiyo? Asiyekuwepo na lake halipo, na mzazi hakuwepo.

Maoni yangu ni kwamba serikali inayopeleka ujuzi wa vijana wake nje kwa mkataba ina wajibu wa kudai, ndani ya mkataba huo huo, njia ya mzazi kwenda na kurudi. Nasema kwenda na kurudi kwa makusudi. Nchi tajiri nyingi zimempa mzazi mambo mawili ya kuchagua: azuru kwa miezi michache kisha aondoke, au ahame na kuliacha boma. Wazazi wengi ninaowajua hawataki hata moja kati ya hayo.

Tuanze na Uingereza, maana huko ndiko mlango ulikobanwa kuliko kwingine. Hadi katikati ya mwaka 2012, mzazi mjane aliyetimiza miaka 65, anayeishi kwa pesa za mwanawe aliyeko Uingereza na asiye na ndugu mwingine wa karibu wa kumsaidia nyumbani, aliweza kuomba kwenda kuishi naye. Tarehe 9 Julai 2012 kanuni zilibadilika. Sasa mzazi lazima athibitishe kwamba kwa sababu ya umri, ugonjwa au ulemavu hawezi tena kufanya mambo ya kila siku kama kuoga, kuvaa na kupika bila msaada wa muda mrefu. Hilo pekee halitoshi. Lazima pia ithibitishwe kwamba msaada huo haupatikani katika nchi anayoishi, hata kwa pesa za mtoto aliyeko Uingereza, ama kwa sababu haupo na hakuna mtu wa kuutoa, ama kwa sababu gharama yake haimudiki.

Hebu ifuate kanuni hiyo hadi ndani ya nyumba. Binti yuko Leeds au Birmingham. Mama yake amepata kiharusi, upande mmoja umekufa ganzi. Binti anatuma pesa kila mwezi, anamlipa msichana wa kazi, anamlipa na muuguzi wa kuja mara mbili kwa wiki. Amefanya kila anachopaswa kufanya mtoto mwema. Siku atakapoandika ombi la viza, stakabadhi hizo za M-Pesa zitakuwa ushahidi dhidi yake, kwa sababu zinaonyesha kwamba matunzo yapo na kwamba anayamudu. Angemtelekeza mama, afisa angekuwa na sababu ya kuliangalia ombi lake kwa jicho jingine, ingawa hapo angeulizwa kwa nini hatumi pesa. Mwenye pesa hukataliwa kwa kuwa anazo, na asiye nazo hukataliwa kwa kuwa lazima aonyeshe kwamba ataweza kumlisha na kumlaza mzazi huko Uingereza bila kugusa pesa za umma kwa miaka 5.

Na ombi lenyewe lazima lifanywe mzazi akiwa nje ya Uingereza, kwa ada inayozidi pauni 3,000 isiyorudishwa viza ikikataliwa. Mtoto naye lazima awe raia, au awe na ukaazi wa kudumu, au awe amepewa hifadhi. Muuguzi aliyekwenda kwa mkataba wa 2021 na bado yuko kwenye viza ya kazi hana hata mlango wa kubisha. Shirika moja la kutetea familia liliipeleka kanuni hiyo mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliiacha isimame. Chama cha madaktari cha Uingereza chenyewe kimelalamika kwamba madaktari kutoka nje wanaacha kazi na kurudi kwao, au wanahamia nchi nyingine, kwa sababu ya wazazi. Mwajiri analijua tatizo. Hajalazimishwa kulitatua.

Katika hesabu hii yupo mtu ambaye husahaulika kabisa, naye ni dada aliyebaki nyumbani. Kila familia yenye watoto majuu inaye. Mara nyingi ni yule ambaye hakuolewa au aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika, na wakati mwingine ni kitinda mimba aliyeachiwa boma. Yeye ndiye anayeamka saa nane za usiku kumgeuza mama kitandani. Ndiye anayepanga foleni ya kliniki, na ndiye anayelaumiwa pesa zilizotumwa zinapokwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa macho ya kanuni ya Uingereza, yeye ndiye "mtu anayeweza kumtunza", basi kuwepo kwake kunamfungia mama njia. Hakuna afisa anayemuuliza kama anaweza kweli, au alikuwa na mipango gani na maisha yake. Nimeona ndugu waliopendana wakigombana hadi kutosemezana kwa sababu hiyo, aliyeko nje akisema ametuma, na aliyebaki akisema pesa haimnyanyui mtu kitandani.

Australia wameweka kizingiti cha aina nyingine, nacho ni hesabu ya watoto. Ili mzazi apate viza ya ukaazi wa kudumu, angalau nusu ya watoto wake wawe wanaishi Australia kwa kudumu, au walioko Australia wawe wengi kuliko walioko katika nchi nyingine yoyote moja. Watoto wa kambo nao huhesabiwa. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya familia ya watoto wawili au watatu. Ilete kwetu uone. Mama ana watoto sita, wawili wako Australia, wanne wako Kenya. Hata kama hao wanne hawana kazi na mama analala njaa, amekwishaanguka mtihani. Wakongomani waliopelekwa huko kutoka kambi za wakimbizi za ukanda huu, ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani, wanakutana na hesabu hiyo hiyo huku ndugu zao wakiwa wametawanyika kati ya nchi tatu au nne.

Anayefaulu mtihani huo hukuta foleni mbili. Ile ya kulipia inagharimu zaidi ya dola 45,000 za Australia kwa mzazi mmoja, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 za Kenya, na bado husubiriwa kwa miaka zaidi ya kumi. Ile ya bei nafuu, kwa makadirio ya idara ya uhamiaji yenyewe, ni ya miaka kama 30. Mzazi anayeomba akiwa na miaka 68 anaambiwa arudi akiwa na 98. Tume iliyopitia mfumo wa uhamiaji wa Australia mwaka 2023 iliandika waziwazi kwamba kumruhusu mtu aombe viza ambayo pengine haitafika kamwe ni ukatili usio na sababu. Nchi hiyo imejiambia ukweli wake. Foleni ingalipo.

Marekani, kwa upande wa sheria, ndiyo iliyo na moyo mpana zaidi kwa wazazi, na hilo huwashangaza wengi. Mtoto aliye raia na aliyefikisha miaka 21 anaweza kumwombea mzazi wake ukaazi wa kudumu, na aina hiyo ya viza haina kikomo cha idadi kwa mwaka. Neno zito hapo ni raia. Mwenye Green Card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, hawezi kumwombea mzazi. Aliyeshinda bahati nasibu ya viza lazima asubiri kwa kawaida miaka 5, aape kiapo cha uraia, ndipo ajaze fomu. Kwa Mkenya, uraia huo wa pili hauna shida tangu Katiba ya 2010. Kwa jirani yetu Mtanzania ni msiba, kwa kuwa sheria ya nchi yake hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ili amlete mama, lazima kwanza aache kuwa Mtanzania. Ni vigumu kumweleza mzee wa Moshi au Tanga kwamba mwanawe amegeuka mgeni katika nchi alikozaliwa kwa ajili yake yeye.

Baada ya fomu huja karatasi, na hapa ndipo wazee wetu huumia. Mzazi wa miaka 75 leo alizaliwa karibu na 1950. Katika sehemu kubwa ya Kenya ya wakati huo, mwanamke alijifungulia nyumbani kwa mkunga, na mwaka wa kuzaliwa ulikumbukwa kwa mambo ya mwaka huo, kama nzige, njaa fulani, au kutangazwa kwa Hali ya Hatari. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Kitambulisho alikipata baadaye, mwaka ukakisiwa na karani. Sasa ubalozi unataka cheti chake, na unataka cheti cha mtoto chenye jina la mama, na majina lazima yalingane. Kwenye cheti cha binti, mama ameandikwa kwa jina la ubatizo na la baba yake mzazi. Kwenye kitambulisho ameandikwa kwa jina la mume. Kwenye hati ya shamba ameandikwa kwa jina la ukoo ambalo hakuna anayelitumia tena. Yote matatu ni yeye, na kijiji kizima kinaweza kuapa hivyo. Basi zinaanza safari za kwa chifu, kwa wakili wa kuandika hati ya kiapo, kwa msajili wa vizazi na vifo, kisha kurudishwa kwa chifu kwa sababu muhuri haukusomeka. Mwishowe wengine huambiwa wapimwe vinasaba, yaani mama aliyemzaa na kumnyonyesha mtoto atoe ute wa mdomo ili maabara iseme kama ni wake.

Kwa baba mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa huulizwa cheti cha ndoa. Wazee wetu walitoa mahari, wakala ng'ombe mbele ya koo mbili, wakaishi miaka 50. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za kimila ziandikishwe, lakini ni wazee wangapi walioambiwa, na nani aliwafikia? Hili ni jambo la serikali yetu wenyewe. Halihitaji mazungumzo na mzungu yeyote.

Kuna jambo jingine katika sheria ya Marekani ambalo halizungumzwi. Ombi la mzazi ni la mzazi peke yake. Baba ana fomu yake, mama ana yake, na hakuna mtoto anayeweza kuambatanishwa. Fikiria nyanya anayemlea mjukuu yatima wa miaka tisa, jambo la kawaida kabisa kwetu tangu ukimwi ulipopita nyumbani mwetu. Viza yake inatoka, ya mjukuu haipo. Lazima achague kati ya mtoto aliye Dallas na mjukuu anayelala kitanda kimoja naye. Nyanya wengi hukataa kwenda, na watoto walioko nje hudhani ni ukaidi wa uzee.

Tuseme yote yamepita. Mahojiano ya ubalozini Gigiri yamepita, vipimo vya afya vimepita, mtoto ametia saini hati ya udhamini kwamba kipato chake kinafikia angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, na kwamba atawajibika kwa mzazi huyo hadi awe raia au ahesabiwe kiasi cha miaka 10 ya kazi. Mama anafika. Ninamfahamu mjane mmoja wa Kirinyaga aliyefika hivyo Minnesota. Ana miti ya kahawa iliyopandwa na marehemu mumewe. Huko alikaa katika nyumba ya ghorofa ya tatu. Binti alitoka kazini asubuhi, akalala hadi saa nane mchana, akaondoka tena jioni. Mkwe alikuwa dereva wa lori, nyumbani alionekana kila baada ya wiki mbili. Mama alibaki na mjukuu wa mwaka mmoja, theluji dirishani, na simu. Duka la karibu lilihitaji gari. Jumapili alikwenda kanisa lenye ibada ya Kiswahili, na hapo ndipo alipoongea na watu wa rika lake, saa mbili kwa wiki nzima. Hakuteswa, hakunyimwa chakula. Alimpenda mjukuu wake. Aliniambia kwa simu kwamba siku zinapita bila mtu kumuuliza shauri lolote, yeye ambaye nyumbani hakuna harusi iliyopangwa bila kuitwa.

Oktoba ilipokaribia alitaka kurudi asimamie uchumaji. Hapo ndipo alipogundua alichokuwa ametia saini. Mwenye ukaazi wa kudumu anayekaa nje zaidi ya siku 180 huhojiwa anaporudi kana kwamba anaingia upya. Akipitisha mwaka mzima bila kibali maalumu cha kurejea, kadi yake iko hatarini kupotea. Kibali hicho huombwa akiwa ndani ya Marekani, na muda wake hauzidi miaka miwili. Sheria inamtaka awe mkaazi wa kweli, aishi huko na kutembelea kwao. Yeye alitaka kuishi kwao na kukaa huko kwa muda. Msimu wa kahawa, matanga ya shemeji, kesi ya mpaka wa shamba na matibabu ya meno ambayo ni nafuu kwetu vilikula miezi. Na tukumbuke kwamba bima ya afya ya wazee ya serikali ya Marekani haimpokei mgeni wa namna yake kabla ya kukaa miaka 5 mfululizo, kwa hiyo ugonjwa wa wakati huo ni juu ya binti na bima yoyote atakayomtafutia.

Ndiyo maana ninaisifu Canada kwa jambo moja. Si mpango wao wa ukaazi wa kudumu wa wazazi, maana huo umekuwa wa kukatisha tamaa. Mwaka 2019 fomu zilifunguliwa mtandaoni, nafasi zikajaa kwa dakika chache tu. Mwaka 2020 wakarudia bahati nasibu, na kwa miaka mingi baadaye wamekuwa wakichota majina kutoka kapu hilo hilo la 2020, kwa hiyo aliyefika Canada baada ya hapo hajapata hata nafasi ya kuandika jina. Anayechaguliwa huonyesha kipato cha miaka mitatu, na huahidi kumgharamia mzazi kwa miaka 20, au 10 kama yuko Quebec.

Pembeni ya mpango huo, tangu Desemba 2011, kuna viza ya pekee kwa wazazi na babu na nyanya. Inaweza kutumika hadi miaka 10, mzazi akiingia na kutoka apendavyo. Tangu Julai 2022 anaweza kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja. Mtoto au mjukuu anatosha kuwa mkaazi wa kudumu, si lazima awe raia. Anaonyesha kipato, na mzazi anakatiwa bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Canada. Hakuna anayemuuliza mama kama ameacha kuoga mwenyewe, wala ana watoto wangapi na wako wapi. Hakuna anayemnyang'anya chochote akirudi kuvuna. New Zealand nao mwaka 2025 wameanzisha viza ya wazazi ya miaka 5 inayoweza kurudiwa mara moja. Njia ya kwenda na kurudi ipo, na nchi zilizoifungua hazijaanguka.

Ujerumani ndiko kunakotuhusu zaidi sasa. Sheria yao mpya inamruhusu mfanyakazi mwenye ujuzi, aliyepewa kibali chake cha kwanza tarehe 1 Machi 2024 au baadaye, kuwaita wazazi wake, hata wakwe zake ikiwa mwenzi wake anaishi naye huko kwa kudumu. Vijana wengi wanaosoma Kijerumani katika vyuo vya Nairobi, Eldoret na Mombasa hawajui hilo, na sijasikia afisa wetu akilitangaza. Kikwazo ni bima. Mzazi haingii katika bima ya umma kupitia kwa mwanawe, na bima binafsi kwa mtu wa miaka 70 mwenye presha ni mamia ya yuro kila mwezi, akipatikana wa kumkubali. Haki imeandikwa, bei imeifunga.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mzee hutumia hospitali kuliko kijana. Mlipa kodi wa Manchester au Toronto ana haki ya kuuliza kwa nini alipie nyonga ya mtu ambaye hakuwahi kulipa kodi huko. Jibu langu ni kwamba bima na dhamana zinaweza kulibeba hilo, kama Canada inavyofanya. Lakini hesabu hiyo isianzie uwanja wa ndege wa Heathrow. Muuguzi huyo alisomeshwa na nani? Shule yake ya msingi, chuo chake, hospitali ya kaunti alikofanyia mazoezi, vyote vililipiwa na Mkenya, na mara nyingi pia na mama aliyeuza ng'ombe. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwongozo wa maadili ya kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje mwaka 2010, na moyo wake ni kwamba nchi inayotoa nayo ifaidike. Uingereza ilipata mfanyakazi aliye tayari, bila kumnunulia hata daftari. Kumpokea mama yake kwa miezi minane, akiwa na bima iliyolipwa, ni malipo madogo sana.

Kuna na wale wa nyumbani wanaosema mzee aende akafanye nini huko, abaki kwao. Wengine husema hivyo kwa hekima, na kwa wazazi wengi ni kweli. Lakini mzee akishavunjika mguu na boma halina mtu, maneno hayo hayamnyweshi uji. Mpango wa serikali wa Inua Jamii unampa aliyefikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi huchelewa. Makao ya wazee ni machache, na wengi wetu bado huona haya kuyataja. Kama hatutaki mzee asafiri, tujenge kitu hapa. Kama hatujajenga, tusimzuie.

Basi ninaiomba Serikali ifanye mambo inayoyaweza. Katika kila mazungumzo ya kuhuisha makubaliano na Uingereza na Ujerumani, iweke mezani viza ya mzazi ya muda mrefu ya kuingia na kutoka, kwa mfanyakazi aliye kwenye viza ya kazi, bila kungoja uraia wala ukaazi wa kudumu. Idara ya Masuala ya Diaspora iketi na kampuni za bima ili wazazi wa wafanyakazi hawa wakatiwe bima kwa pamoja, maelfu kwa mkupuo, kwa kuwa bei ya kundi haiwezi kulingana na bei ya mzee mmoja mwenye presha. Idara ya usajili ipeleke maafisa vijijini wawaandikishe wazee vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa za kimila, na pale majina yanapotofautiana itolewe hati moja rasmi inayotambuliwa na balozi, badala ya kumrusha nyanya kati ya chifu na wakili. Na Bunge, linapoletewa mikataba hii, liulize swali ambalo halikuulizwa 2021 wala 2024.

Ninyi mlioko ng'ambo pia nina neno kwenu. Kabla hujajaza fomu yoyote ya ukaazi wa kudumu, keti na mzazi wako kwa simu, siku mbili tatu, umweleze ukaazi huo unamfunga kwa namna gani, nani atakuwa naye mchana, hospitali italipwaje, mjukuu anayemlea atabaki na nani, na akifa huko atazikwa wapi. Mshirikishe dada aliyebaki, kwa maana anajua hali ya mama kuliko wewe. Kama jibu la mama ni kwamba anataka kuja akae hadi mvua ziishe kisha arudi, mwombee viza ya kuzuru ndefu kuliko zote unazoweza kupata, na umkatie bima. Kisha mwandikie mbunge wa kwenu, kwa jina lako na namba ya pasipoti, umwambie kwamba unatuma pesa kila mwezi na kwamba unataka mkataba unaomtaja mama yako.